Nilivyojifunza Horni Chuo Kikuu

Bwana Mhariri ameniandikia kwamba vijana watatu wa bendi yetu wamemwuliza swali: Je, mtu aendaye Chuo Kikuu kusomea jambo jingine kabisa, kama udaktari au uhandisi, aweza kuendelea na muziki huko, tena kwa mwalimu wake peke yake? Ameona mimi ndimi wa kulijibu, kwa kuwa nilikwenda Marekani kusomea uhandisi wa ujenzi, nikarudi na shahada yangu na alama ya duara mdomoni. Jibu ni kwamba yawezekana. Lakini lina mambo yake, nami nitayaeleza kama nilivyoyaona.

Kwanza chombo chenyewe. Hapa shuleni nilipuliza tena horni, ile inayosimama wima kifuani, vali zake zikibonyezwa kwa mkono wa kulia. Nilidhani hiyo na ile iitwayo horni ya Kifaransa ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Horni ya Kifaransa ni bomba jembamba lililoviringwa kama chatu aliyelala. Ukilinyosha lafika karibu mita 3.7, na hali tarumbeta ya kawaida haizidi mita moja na nusu. Vali zake hubonyezwa kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia huingizwa katika mdomo wake mpana unaoelekea nyuma. Jina la Ufaransa nalo lisiwadanganye. Horni nyingi za siku hizi zafuata muundo wa Kijerumani, na tangu mwaka 1971 chama cha kimataifa cha wapigaji wake kimependekeza iitwe horni tu. Nami nitaiita hivyo.

Taabu yake ni hii. Bomba lolote la shaba hutoa sauti kadha wa kadha bila kugusa vali, kwa kukaza na kulegeza midomo tu. Chini, sauti hizo ziko mbalimbali. Kadiri unavyopanda zinasongamana, kama ngazi ambayo vidato vyake vya juu vimekaribiana. Bomba la horni ni refu, na muziki wake mwingi uko huko juu penye vidato vya karibu. Basi midomo ikikosea kidogo tu, unakanyaga kidato cha jirani, na watu wote wanasikia. Wasomaji wa Uganda wamewaona wapigaji wa amakondere: kila mtu na pembe yake, kila pembe na sauti yake, na wimbo hutoka kwa kupokezana. Katika horni mtu mmoja huchukua kazi ya kundi zima.

Na ule mkono wa ndani wafanya nini? Zamani horni haikuwa na vali. Wapigaji wa karne ya 18 walizipata sauti zilizokosekana kwa kuziba na kuzibua mdomo wa pembe kwa mkono. Hivyo ndivyo alivyopiga Joseph Leutgeb, rafiki wa Mozart, ambaye Mozart alimtungia muziki wa horni na okestra huku akimtania. Tungo moja, ya mwaka 1786, aliiandika kwa wino wa rangi mbalimbali. Vali zilibuniwa Ujerumani na Heinrich Stölzel mwaka 1814, lakini mkono haukutolewa, maana ndio unaoipa horni ile sauti yake ya upole.

Sasa mafunzo. Katika vyuo vingi vya Marekani, kila mwanafunzi wa muziki hupewa mwalimu wa chombo chake, akakutana naye peke yake mara moja kwa juma, kwa saa nzima au nusu saa. Asiyesomea muziki aweza kuomba nafasi pia, ikiwa ipo. Kwanza atapiga mbele ya mwalimu ili apimwe. Mara nyingi profesa huwachukua wale wa muziki, na sisi wengine hupewa wanafunzi wake wa shahada ya juu. Masomo hayo huhesabiwa katika alama za shahada, ingawa kwa kiasi kidogo. Horni mpya iliyo njema ni dola elfu kadhaa, lakini chuo chetu kilikuwa nazo za kuazima. Nilitia sahihi katika daftari nikapewa moja iliyobonyea ubavuni.

Jambo moja sikuliuliza, likanigharimu. Masomo ya peke yako yana ada yake mbali na ada ya chuo, na msaada wangu wa masomo haukuilipa. Ofisi iliyoniandikisha haikunieleza. Nilipata hati ya deni baada ya mwezi. Mwanafunzi mgeni huruhusiwa kufanya kazi chuoni, isizidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo, basi nikaosha vyombo jikoni muhula mzima. Ulizeni kabla ya kutia sahihi.

Juma la tatu mwalimu aliweka kioo mbele yangu, akanitazama, akasema nimeweka kipande cha kupulizia mahali pabaya. Wapigaji wengi wa horni hukiweka theluthi mbili juu ya mdomo wa juu, na theluthi moja mdomo wa chini. Philip Farkas, aliyekuwa mpigaji wa kwanza wa okestra ya Chicago, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1956. Changu kilikuwa kinyume, kwa mazoea ya miaka minne ya bendi. Mwalimu alisema: “Hivi ulivyo, utapiga vizuri mpaka hapa tu,” akaonyesha noti moja ya katikati. “Ukibadili, utapiga vibaya kwa miezi miwili au mitatu. Amua mwenyewe.”

Nilikuwa nimepimwa na kukubaliwa kwa sababu ya sauti yangu, na sasa naambiwa niitupe. Mtihani wa hesabu ulikuwa karibu, mikono yangu ilikuwa imechubuka kwa sabuni ya jikoni, na kwetu hakuna aliyejua kwamba nalipa fedha ili kupuliza. Nilikaa siku tatu bila kuifungua horni. Siku ya nne nilikwenda katika vyumba vya mazoezi, ambavyo ni vidogo kama stoo, nikaanza na sauti moja ndefu. Ilitoka kama ng'ombe mgonjwa. Kijana wa chumba cha pili akaacha kinanda chake akaja kuuliza kama nahitaji msaada.

Basi kazi ilikuwa hiyo: dakika ishirini za sauti ndefu, kisha ngazi, kisha zoezi moja la kitabu cha Kopprasch, kila siku. Sisi tuliolelewa kwa do-re-mi ya kwaya tuna faida ya sikio, maana katika horni lazima uisikie noti kichwani kabla ya kuipuliza. Lakini noti za mistari zilinitesa, na zaidi kwa kuwa muziki wa kale huandikwa kwa horni za urefu mbalimbali, na mpigaji wa leo sharti azihamishe noti papo hapo machoni. Zile sauti za juu zilikuja juma la kumi, asubuhi moja, bila kubisha hodi.

Mwisho wa muhula unapiga mbele ya walimu watatu walioketi mezani na karatasi. Nilipiga sehemu ya polepole ya tungo ya tatu ya Mozart. Noti ya kwanza ilipasuka. Nyingine zilikaa mahali pake karibu zote. Mmoja aliandika: “Vuta pumzi mapema zaidi.” Nikapata B.

Niliendelea mihula mitano. Horni ile niliirudisha siku mbili kabla ya kupanda ndege, nikatia sahihi katika daftari lile lile. Kipande cha kupulizia nilikinunua, ni changu. Hukipuliza dakika kumi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mtoto wa jirani hudhani ni nyuki.