Kumbukumbu Zetu Zilizo Kando ya Njia

Ndugu Wanachama,

Mwezi uliopita katibu wenu nilikuwa katika ziara ya matawi, kutazama majamvi na sakafu za kuanikia kabla ya msimu kuanza. Katika shamba moja, ambalo sitalitaja, nilivuka mtaro juu ya bamba la chuma. Nilipotazama chini niliona maandishi. Kumbe ni kibao cha kumbukumbu, kilichoanguka kando ya njia wakati wa mvua, na bwana shamba akaona kinafaa kuwa daraja. Nikamwuliza, "Bwana, unakijua hiki ni kitu gani?" Akanijibu kwa upole, "Katibu, kililala pale siku nyingi, wala hakuna aliyekuja kukiuliza." Sikuwa na la kumjibu, kwani hata mimi nimepita njia ile mara nyingi, wala sikutambua kuwa kibao hakipo.

Basi leo naomba radhi, tuache kidogo khabari za miche na bei, tuzungumze juu ya vibao hivi na mambo vinayoyakumbusha.

Mwenye kutoka Chake Chake kwenda Pujini hufika kwenye mabaki ya ngome ya Mkama Ndume, iliyojengwa katika karne ya 15. Wazee humsimulia mtawala huyu kwa ukali wake. Husema aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ngome vichwani huku wakijikokota kwa makalio, na kwamba kisima chake alikitia ukuta katikati ili wake zake wawili wasikutane. Masimulizi yana chumvi yake, lakini tazameni jambo moja: ngome imebomoka, na mzigo wa wale waliobeba mawe bado unasimuliwa mpaka leo.

Karibu na Wete kipo kisiwa kidogo cha Mtambwe Mkuu. Huko mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu, na nyingi katika zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani yetu hii. Yaqut, mwanachuoni aliyeandika kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 13, aliutaja mji wa Mtambwe na ule wa Mkumbuu katika khabari za Al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, nacho ndicho hiki chetu. Naam, Pemba ilikuwa na miji, misikiti na biashara miaka mia nyingi kabla ya mkarafuu wa kwanza kupandwa.

Sasa tuje kwenye karafuu yenyewe. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya huko. Pemba iliepushwa na sehemu kubwa ya madhara hayo. Karafuu ikawa adimu, bei ikapanda, na watu wakaingia kupanda Pemba kwa pupa. Tangu siku hizo kisiwa chetu ndicho kinachotoa karafuu nyingi kupita Unguja. Kila mmoja wetu anayeanika jamvi moja anakula katika matokeo ya tufani ile, lakini mimi katika safari zangu zote sijaona kibao kinachoikumbusha.

Na nani aliyechimba mashimo ya miche ile? Tuseme kweli: wengi wao walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Mwaka 1873 biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku na soko la Unguja likafungwa, lakini majahazi yaliendelea kuwaingiza Pemba kwa siri, maana mashamba mapya yalitaka mikono. Utumwa ulikuja kuondolewa nguvu ya kisheria mwaka 1897. Hao ndio waliopanda, wakapalilia, wakapanda juu ya matawi na kuchuma, wala majina yao hayakuandikwa mahali.

Nilipolitaja jambo hili katika mkutano wa tawi moja, mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, hayo yaache yalale." Namheshimu mzee wangu, na ninajua kwa nini amesema. Katika sisi wapo ambao babu zao walimiliki mashamba, na wapo ambao babu zao waliletwa kuyapanda. Wapo pia waliopata eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964. Leo wote tunakaa jamvi moja tukichambua karafuu na makonyo, na hakuna atakaye kufufua ugomvi. Lakini kumtaja aliyefanya kazi si ugomvi, ni kumlipa haki yake. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila khabari, na mimi kama katibu naona hivyo hivyo watu wasio na daftari.

Kwa hiyo nayaleta kwenu maombi matatu. Kwanza, mwanachama akiona kibao kimeanguka, akiinue au ampe khabari sheha wake. Pili, tusichukue mawe ya magofu kujengea sakafu za kuanikia wala kuchomea chokaa. Jiwe likishatoka mahali pake halisemi tena. Tatu, kila tawi lichague kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri, akae na wazee, aandike majina ya mashamba ya zamani na ya watu waliokumbukwa kuyapanda na kuyachuma, wawe mabwana au watumwa. Madaftari hayo yaletwe katika mkutano mkuu, nami nitayatunza pamoja na hesabu za Chama.

Ama yule bwana wa daraja, nimerudi kwake wiki iliyopita. Yeye alitoa nguzo, mimi nikapeleka saruji, tukakisimamisha kibao mahali pake. Maandishi yamechakaa kwa kukanyagwa, lakini bado yanasomeka. Mtaro wake sasa unavukwa kwa gogo la mnazi.

Wenu katika kazi,
Katibu