Ndururu ya mfalme aliyeng'atuka

Ndani ya mikebe ya vifungo na masanduku ya nguo ya wazee wengi bado zimo sarafu za shaba zenye tundu katikati, na pembe mbili za ndovu ubavuni. Chache kati yake zimeandikwa 1936 na jina EDWARDVS VIII. Hizo ndizo zinazotafutwa na wakusanyaji.

Edward wa Nane alirithi ufalme wa Uingereza Januari 20, 1936, akajiuzulu Desemba mwaka huo huo ili amwoe Wallis Simpson, mtalaka wa Kimarekani. Huko kwao, sarafu zenye sura yake zilikuwa zingali kwenye majaribio. Hata upande wa kutazama ulizua mvutano, kwani alitaka ageuzwe kushoto kama baba yake, wakati desturi ni kupishana.

Senti 5, yaani ndururu, na senti 10 za Afrika Mashariki hazikuwa na haja ya kungoja picha. Tundu limechukua nafasi ya kichwa, lipo jina tu na taji. Ndiyo maana wauza samaki wa Mombasa na Zanzibar walipokea fedha yenye jina la mfalme ambaye muuza duka wa London hakuwahi kuiona kwenye droo yake.

Je, ni mali? Januari 2020 sovereni moja ya dhahabu ya majaribio, ya 1937, iliuzwa pauni milioni 1, na tangu hapo madalali hawakosi hadithi. Ndururu zilitengenezwa kwa mamilioni. Iliyochakaa haina bei ya maana. Inayolipa ni ile ambayo haikuzunguka sana, maandishi yake yakiwa makali na rangi yake ya asili haijaguswa. Kuisugua kwa mchanga au limau ni kuiharibia bei siku hiyo hiyo.

Medali za kutawazwa Mei 12, 1937 nazo ni nyingi, kwa kuwa zilikwisha kutengenezwa na kuuzwa kabla hajaondoka. Siku hiyo alivikwa taji mdogo wake, George wa Sita.

Wa kuogopwa zaidi ni muuzaji mwenye sarafu kubwa inayong'aa, yenye uso wa Edward na mwaka 1936 au 1937. Nyingi zilitengenezwa na watu binafsi miongo kadhaa baadaye, wala hazikuwahi kuwa fedha popote. Atakayeambiwa ilitumika sokoni Afrika Mashariki na aulize kwanza tundu liko wapi.