Mchagua Jembe: Uteuzi wa Pikapu Mpya za Gitaa la Umeme

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta mtu anayepoteza muda akiteua zana ilhali wenzake wamekwisha kuingia shambani. Katika uwanja wa muziki, wapo wapiga gitaa wanaostahili kusutwa vivyo hivyo, kwani kila wasiporidhishwa na sauti yao hukimbilia dukani. Hata hivyo, mkulima hodari anafahamu pia kwamba jembe linalofaa tifutifu huenda lisifae ardhi yenye mawe. Makala haya yanafafanua jinsi mpigaji anavyoweza kuteua pikapu mpya za gitaa la umeme bila kuzitupa fedha zake. Hoja kuu ni kwamba uteuzi wa busara huanzia kwenye upungufu unaosikika, wala hauanzii kwenye jina la kampuni au sifa za tangazo.

Neno pikapu lenyewe linahitaji ufafanuzi. Kwa Wakenya wengi, neno hilo huleta taswira ya gari dogo la kubebea mizigo. Katika gitaa, pikapu ni kifaa chenye sumaku kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mitetemo yake kuwa umeme. Maana zote mbili zimetokana na kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachomaanisha kuokota au kuchukua: gari huchukua mzigo, nacho kifaa huchukua mtetemo.

Utendakazi wa pikapu

Msingi wa kifaa hiki ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831, kwamba uga wa sumaku unapobadilika karibu na waya, umeme huzalika ndani ya waya huo. Pikapu ya kawaida ina sumaku pamoja na koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotetema juu yake, uga wa sumaku huyumba na umeme hafifu hujitokeza. Umeme huo hupitia kwenye vidhibiti vya gitaa na kebo hadi kwenye amplifaya. Ndiyo maana gitaa lenye nyuzi za nailoni haliwezi kutumia pikapu ya aina hii. Wazo hili liliingia sokoni mwaka 1932, pale George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walipoanza kuuza gitaa la umeme huko California, Marekani.

Pikapu nyingi huangukia katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la koili moja, kama zile za gitaa la Fender Stratocaster lililotolewa mwaka 1954. Sauti yake ni angavu, na kila noti husikika peke yake. Dosari yake ni kuwa koili hiyo hunasa pia uga wa sumaku unaotoka kwenye transfoma, taa na nyaya za umeme zilizo karibu. Nchini Kenya, umeme wa majumbani huwa na mizunguko 50 kwa sekunde. Mvumo unaosikika kwenye amplifaya hata mpigaji asipogusa uzi ni matokeo ya mizunguko hiyo.

Kundi la pili ni la koili mbili, maarufu kama hambaka. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, aliibuni mwaka 1955. Aliziweka koili mbili bega kwa bega, moja ikiwa na mwelekeo wa sumaku na wa waya ulio kinyume na wa mwenzake. Kelele inayotoka nje huingia katika koili zote mbili na kujifuta yenyewe, ilhali sauti ya nyuzi hujumlika. Fauka ya hayo, sauti huwa nene na yenye nguvu zaidi, japo hupoteza sehemu ya ule uangavu wa juu.

Kuchunguza kabla ya kununua

Chukulia mfano wa kijana anayepiga gitaa la solo katika bendi ya benga. Muziki huu ulichipuka katika eneo la Nyanza, na D.O. Misiani na kundi lake la Shirati Jazz walichangia pakubwa kuueneza. Gitaa la solo katika benga hukimbia juu ya noti nyembamba zinazofuatana kwa kasi, na mara nyingi mkondo wake hulinganishwa na uchezaji wa nyatiti. Kijana huyu analalamika kuwa noti zake zinamezwa na gitaa la besi. Rafiki anamshauri anunue hambaka yenye nguvu kuliko zote zilizoko dukani. Anadunduliza fedha kwa miezi kadhaa, ananunua, na gitaa linavuma kweli kweli. Lakini noti zake sasa zimegandamana kama ugali, na ule mkimbio wa benga umetoweka. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Alichokosa hakikuwa nguvu, alikosa uwazi.

Kijana huyo angaliokoa akiba yake lau angaliyachunguza mambo manne kwanza. La kwanza ni nyuzi, kwani nyuzi zilizopata kutu hupoteza uangavu na hakuna pikapu inayoweza kuurejesha. La pili ni amplifaya yenyewe. Ikiwa gitaa lingine linasikika vibaya vilevile katika amplifaya hiyo, basi tatizo haliko kwenye pikapu. La tatu ni kebo na vidhibiti. Kebo ndefu mno hupunguza sauti za juu, nacho kidhibiti kilichochakaa hukwaruza kila kinapozungushwa.

La nne, ambalo hupuuzwa mno, ni kimo cha pikapu. Skrubu zilizo pembeni huiinua au kuishusha. Mpigaji abonyeze uzi kwenye kigawanyo cha mwisho, kisha apime nafasi iliyobaki kati ya uzi na pikapu. Takriban milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba, na zaidi kidogo upande wa nyuzi nene, ni mahali pazuri pa kuanzia. Pikapu iliyo mbali hutoa sauti dhaifu. Iliyo karibu kupita kiasi inaweza kuzivuta nyuzi kwa sumaku yake hadi noti zikayumba na kuonekana kama hazikulinganishwa. Marekebisho haya hayahitaji chochote ila bisibisi, na mara nyingi hutosha kabisa.

Vigezo vya uteuzi

Iwapo upungufu ungalipo baada ya uchunguzi huo, ndipo uteuzi huanza. Kigezo cha kwanza ni aina ya muziki na mahali unapopigiwa. Anayecheza benga au rumba huhitaji noti zilizo wazi, na kwa hivyo hufaidika na koili moja au na hambaka isiyo na mizunguko mingi ya waya. Anayepiga roki nzito hufaidika na hambaka yenye nguvu. Anayehudumu kanisani au ukumbini kwenye taa nyingi, naye hawezi kuuvumilia mvumo, anaweza kutafuta pikapu ya koili mbili zilizopangwa juu kwa chini ndani ya umbo la koili moja. Hiyo hunyamazisha kelele bila gitaa kuchongwa upya.

Kigezo cha pili ni takwimu zilizochapishwa kwenye pakiti, hasa ukinzani wa koili. Pikapu ya Stratocaster huwa na takriban omu 6,000, nayo hambaka ya kikale huwa na takriban omu 8,000. Zile zenye nguvu huweza kupita omu 14,000. Wanunuzi wengi hudhani kwamba tarakimu kubwa ni sauti kubwa. Dhana hii ina walakini, kwa sababu waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani hata kama mizunguko haijaongezeka. Tarakimu hizo zina maana pale tu pikapu mbili zinazolinganishwa zimeundwa kwa namna moja na kwa waya wa unene mmoja.

Kigezo cha tatu ni sumaku. Nyingi huundwa kwa alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, ambao hupewa nambari kulingana na viwango vyake. Alniko 2 husifika kwa sauti laini, nayo alniko 5 ina nguvu na uangavu zaidi. Sumaku za kauri hupatikana katika pikapu nyingi za bei nafuu, lakini pia katika baadhi ya zile ghali zenye nguvu. Kwa hivyo, kauri si ishara ya ubovu.

Kigezo cha nne ni mahali pikapu itakapokaa. Karibu na daraja, uzi husogea kidogo tu, na sauti yake ni kali na nyembamba. Karibu na shingo, uzi husogea sana na sauti ni nzito. Kwa sababu hiyo, watengenezaji wengi huipa pikapu ya daraja mizunguko mingi zaidi ili nguvu zilingane. Anayebadilisha moja tu sharti ahakikishe kuwa haitaizidi mno ile inayobaki.

Aidha, vipimo vya mwili havina budi kuzingatiwa. Umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita hutofautiana kutoka gitaa moja hadi jingine, na nyuzi zinapaswa kupita juu ya nguzo za sumaku. Vidhibiti navyo vioane na pikapu: kwa desturi, koili moja hutumia vidhibiti vya omu 250,000, nayo hambaka hutumia vya omu 500,000. Ikiwa hambaka itaunganishwa na vidhibiti vya omu 250,000, sauti yake itafifia upande wa juu. Pikapu zinazotumia betri ya volti 9 nazo huhitaji vidhibiti vya aina yake pamoja na nafasi ya kuiweka betri.

Ufungaji

Kazi ya kulehemu nyaya si ngumu kwa fundi mzoefu wa redio, lakini ina mitego. Rangi za nyaya hazifanani baina ya kampuni, hivyo mchoro wa mtengenezaji aliyeiunda pikapu husika ndio wa kufuatwa. Ikiwa pikapu mbili zikipigwa pamoja zinatoa sauti dhaifu kama ya mtu aliyeziba pua, huenda zinapingana. Tiba yake ni kubadilishana nyaya mbili za mojawapo, mradi kifuniko chake cha chuma hakijaunganishwa na mmojawapo wa nyaya hizo. Ni vyema pia kuchora mpangilio wa awali kabla ya kuukata waya wowote, na kuzihifadhi pikapu za zamani. Pikapu iliyotolewa inaweza kurudishwa, lakini mbao iliyochongwa haiwezi kurejea ilivyokuwa.

Hitimisho

Imebainika kwamba pikapu huchangia sehemu tu ya sauti ya gitaa. Haiwezi kuusahihisha mkono usiofanya mazoezi, wala haiwezi kuficha nyuzi zilizochakaa. Inachoweza ni kuruhusu kilichopo mkononi kisikike kilivyo. Kwa mpigaji anayedunduliza kipato chake, swali la kwanza liwe ni kitu gani hasa kinachokosekana katika sauti yake. Akiweza kulijibu kwa sentensi moja, dukani ataelekezwa na masikio yake. Asipoweza, bisibisi na seti mpya ya nyuzi ni mwanzo wa gharama nafuu, na huenda zikawa ndio mwisho wa safari yenyewe. Mchagua jembe si mkulima, naam. Lakini anayelijua shamba lake huchagua mara moja, kisha akalima.