Handeni Isiyoonekana katika Filamu ya Idi Amin

Filamu ya The Last King of Scotland, aliyoiongoza Mskoti Kevin Macdonald mwaka 2006 kutokana na riwaya ya Giles Foden ya 1998, inamhusu Nicholas Garrigan, daktari kijana kutoka Uskoti anayejikuta tabibu wa Idi Amin. Picha zilipigwa Uganda kwenyewe, na Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili amwigize Amin, kazi iliyompatia tuzo ya Oscar. Uangalifu wa namna hiyo humfanya mtazamaji aamini kila anachokiona. Garrigan, hata hivyo, hakuwahi kuwapo duniani. Kumbuni si kosa, maana riwaya haiwezi kuishi bila watu wa kubuni. Kosa ni pale mtu wa kubuni anapokalia kiti cha mtu aliyeishi. Kay, aliyekuwa mke wa Amin na ambaye alikufa Agosti 1974, alikuwa na uhusiano na daktari Mganda, Peter Mbalu-Mukasa, ambaye naye alikufa kwa kujiua. Katika filamu mpenzi huyo ni Mskoti, na msiba wa Waganda wawili unageuka kuwa mkasa wa mgeni.

Hata Waafrika waliompinga Amin wanapita upesi, wakimvizia barabarani, bila majina wala mahali walikotoka. Mahali hapo papo. Ukiiacha barabara kuu pale Korogwe, Tanzania, ukashika ya kusini, kilomita 65 hivi, unafika Handeni. Huko ndiko walikowekwa wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, baada ya kuondolewa Sudan. Tarehe 17 Septemba 1972 waasi hao walivuka mpaka kuelekea Mbarara na Masaka. Wenzao walitakiwa kutua Entebbe kwa ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliyochukuliwa Dar es Salaam, lakini matairi yake yalipasuka ilipotua Kilimanjaro, na mpango wote ukavurugika.

Atakayeitetea filamu atasema saa mbili hazitoshi kubeba kila jambo, na kwamba uvamizi ulioshindwa si lazima uonyeshwe. La saa nakubali. La kushindwa silikubali, kwa sababu kushindwa huko kuliwaponza waliobaki Uganda. Siku nne tu baadaye, askari walimkamata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ndani ya Mahakama Kuu ya Kampala, mchana kweupe, na hakurudi tena. Ukiiondoa Septemba hiyo, ukatili wa Amin unaonekana kama hasira za mtu mmoja asiyetabirika, jambo ambalo filamu inalipenda mno, na siasa iliyokuwa nyuma yake inafichika. Mtetezi huyo anaweza kuongeza kwamba kila kitu tumekitazama kwa macho ya Garrigan. Lakini riwaya nayo inamfuata Garrigan huyohuyo, na bado inafika hadi 1979, majeshi ya Tanzania yakiwa ndani ya Uganda. Filamu inaikata hadithi Entebbe, Julai 1976, Mskoti akiokoka kwa ndege. Miaka mitatu iliyofuata ndiyo iliyowarudisha waliosalia katika lile jeshi la 1972, safari hii wakiitwa Kikosi Maalum, wakipigana bega kwa bega na Watanzania mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979.