Virusi Vinapoamka katika Figo Iliyopandikizwa

Upandikizaji wa figo ulianza nchini Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Aliyepandikizwa huko hurejea kwao, na kwao kwaweza kuwa Msangano, wilayani Momba. Siku akiketi kwenye benchi la zahanati, mhudumu atakayempokea hana budi kujua kwamba baadhi ya maadui wa figo ile wamo mwilini mwake tayari.

Wengi wetu huambukizwa virusi vya saitomegalo (CMV) na vya BK tungali watoto, bila kujua. Kinga ya mwili huvidhibiti lakini haivifukuzi: CMV hujificha katika chembe za damu, BK katika figo na njia ya mkojo. Dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo ngeni, kama takrolimasi na mikofenoleti, hulegeza ulinzi huo, virusi vikaamka. Pengine huja ndani ya figo yenyewe, kutoka kwa ndugu aliyejitolea.

CMV haijifichi sana: homa, uchovu, kuharisha, chembe nyeupe za damu kupungua. Shida ni kwamba homa kwetu huitwa malaria hata kabla ya kupima. Malaria na ipimwe. Lakini kwa mgonjwa huyu, majibu yoyote yatakayotoka, kliniki yake ipigiwe simu siku hiyohiyo.

Virusi vya BK ni vya kimya. Viligunduliwa London mwaka 1971 katika mkojo wa mgonjwa aliyepandikizwa figo, na herufi hizo mbili ni za jina lake. Kwa kawaida havileti homa wala maumivu. Kreatinini hupanda tu. Lakini kreatinini hupanda vilevile mwili unapoikataa figo, na hapo ndipo penye hatari. Kukataliwa kwa figo hutibiwa kwa kuongeza nguvu ya dawa za kushusha kinga. BK hudhibitiwa kwa kuzipunguza, kwa kuwa haijathibitika dawa ya kuviua. Anayekisia aweza kuiangamiza figo aliyokusudia kuiokoa.

Kinachotenganisha mawili hayo ni kipimo cha wingi wa virusi katika damu, cha namna ileile waliyoizoea wanaoishi na VVU, na panapobidi, kipande kidogo cha figo huchunguzwa. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2024 yashauri BK ipimwe kila mwezi hadi mwezi wa 9, kisha kila miezi 3 hadi mwaka wa pili utimie. Virusi vikizidi nakala 10,000 kwa mililita hata mara moja, au vikibaki juu ya 1,000 katika vipimo viwili ndani ya wiki tatu, daktari hufikiria kupunguza dawa. Majibu ya maabara mbili hayalinganishwi kirahisi. Ni heri sampuli zote ziende maabara moja.

Kupunguza huko ni kazi ya kliniki. Mgonjwa asiache hata kidonge kimoja kwa hiari yake, isipokuwa asubuhi ya kupima kiwango cha takrolimasi: siku hiyo dozi husubiri mpaka damu imekwisha kutolewa, kisha humezwa palepale.