LNB ya njia nyingi: Hesabu vyumba kabla ya kulipa

MFANYABIASHARA anayejenga nyumba ya wageni mjini Morogoro huhesabu saruji, mabati na vitanda kwa makini. Anapofika kwenye televisheni huwa amechoka, na humwachia fundi aamue. Hapo ndipo fedha hupotea. Kifaa kidogo kinachokaa mbele ya dishi, ambacho mafundi na wenye maduka hukiita LNB, ndicho kinachoamua kama picha itafika vyumba vyote au chumba kimoja tu.

Wateja wapo. Morogoro ni njia panda ya Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, ina wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Mzumbe, na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kuchukua abiria Juni 14, 2024. Mgeni wa usiku mmoja na mpangaji wa mwaka mzima wote huuliza kama chumba kina televisheni.

Inavyofanya kazi

LNB hupokea mawimbi yaliyokusanywa na dishi, huyapa nguvu na kuyashusha hadi kiwango ambacho waya unaweza kukibeba mpaka kwenye king'amuzi. Nacho king'amuzi huiagiza LNB kupitia waya huo huo: volti 13 kwa mawimbi ya wima, volti 18 kwa ya ulalo, na mlio wa kilohezi 22 kwa masafa ya juu.

LNB ya njia moja hutii agizo moja tu kwa wakati mmoja. Waya wake ukigawanywa kwa spilita ili kulisha ving'amuzi viwili, mgeni wa chumba cha pili akibadili chaneli anaweza kumzimia picha mgeni wa chumba cha kwanza. Dawa ni LNB yenye matundu zaidi, ambapo kila tundu hujitegemea. Iliyoandikwa Twin ina njia mbili, Quad ina nne na Octo ina nane.

Mtego upo kwenye neno Quattro. Hii nayo ina matundu manne na kwa sura hufanana na Quad, lakini kila tundu hutoa robo moja tu ya mawimbi, isiyobadilika. Imetengenezwa kuunganishwa kwanza na swichi maalumu ya kugawa mawimbi kwa vyumba vingi. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye king'amuzi, baadhi ya chaneli hazitaonekana, na mwenye nyumba anaweza kubadili king'amuzi kizima bila sababu. Kwa jengo la vyumba zaidi ya vinane, Quattro na swichi yake ndiyo njia ya kufuata. Kwa jengo dogo ni gharama ya bure.

Setelaiti moja, LNB moja

Wingi wa njia hauongezi setelaiti. DStv hupatikana kwenye setelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, na Azam TV, iliyoanza mwaka 2013, kwenye nyuzi 7 mashariki. Kwa aliye Morogoro, dishi la kwanza hutazama karibu utosini likielekea kaskazini, na la pili hutazama magharibi, nusu ya anga. Anayetaka huduma zote mbili anahitaji madishi mawili, hata akiwa na Octo.

Milima ya Uluguru, ambayo huziba mawimbi ya antena za kawaida kwa vijiji vya upande wa pili kama Kinole na Matombo, kwa dishi si kikwazo kikubwa, kwani dishi hutazama juu ya kilele. Tatizo ni mvua. Wakati wa masika mvua kubwa hudhoofisha mawimbi, na LNB ya njia nane haisaidii lolote. Kinachosaidia ni ukubwa wa dishi na ulengaji sahihi. Aidha, matundu yasiyotumika yafunikwe ili maji yasiingie.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa vyumba vinne, kwa tarakimu za kukokotolea tu, si bei za soko. Dishi Sh. 60,000, LNB ya njia moja Sh. 15,000 na fundi Sh. 20,000: jumla Sh. 95,000. Kwa vyumba vinne, kila kimoja na dishi lake, ni Sh. 380,000. Dishi moja lenye Quad ya Sh. 40,000, na fundi akilipwa mara mbili, ni Sh. 140,000. Zimeokolewa Sh. 240,000.

Lakini faida hiyo huja mara moja tu. Kila chumba kinachotaka chaneli zake kinahitaji king'amuzi chake na malipo yake. Ving'amuzi vinne kwa Sh. 20,000 kila mwezi ni Sh. 960,000 kwa mwaka, vyumba viwe na wageni au vitupu. Hali kadhalika, malipo ya nyumbani si ya biashara. Mwenye nyumba ya wageni aulize wakala kuhusu mkataba wa biashara kabla ya kufunga.

Kwa hiyo mwekezaji mdogo anunue njia za kutosha vyumba vyote tangu mwanzo na kupitisha waya kabla ya ukuta kupigwa plasta, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ving'amuzi aongeze kimoja kimoja kadiri vyumba vinavyojaa. Dukani asome maandishi ya boksi mwenyewe, asikubali Quattro badala ya Quad, na fundi asilipwe mpaka televisheni zote zilizounganishwa ziwashwe pamoja, kila moja ikiwa kwenye chaneli tofauti.