Shingo Ikipinda, Msitupe Vidonge

Siku ya pili au ya tatu tangu aanze dawa, kijana anashikwa ghafla. Shingo inapinda upande mmoja, macho yanageukia juu na kuganda huko, taya zinakaza, ulimi unakuwa mzito. Akili anazo, anasikia kila neno linalosemwa kitandani pake, ila kujibu hawezi. Nyumbani wanasema pepo kapanda, au dawa ya hospitali ni sumu. Vidonge vinaishia chooni.

Inaniuma kila ninapolifikiria jambo hili, kwa sababu wahudumu wa afya wanaijua hali hiyo na tiba yake ipo. Dawa yenyewe, haloperidoli, iliyogunduliwa Ubelgiji mwaka 1958, hutuliza sauti anazozisikia mgonjwa wa skizofrenia na hofu ya kuandamwa, kwa kuzuia dopamini isifanye kazi kupita kiasi katika ubongo. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia misuli kukaza na kulegea kwa mpangilio. Ikizuiwa, misuli huweza kujikaza yenyewe. Vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi, hasa dozi ikianza kubwa. Sindano ya baiperideni au promethazini mara nyingi huilegeza shingo kabla ya saa moja kupita. Mpelekeni kituo cha afya na pakiti ya vidonge mkononi, daktari aamue kupunguza dozi au kubadili dawa. Akianza kukosa pumzi, msingoje kupambazuke.

Kuna adha nyingine isiyopiga kelele. Mgonjwa anakaa, anainuka, anazunguka uani, miguu haitulii. Familia hudhani ugonjwa umezidi, wanamwongezea kidonge, kumbe kidonge ndicho kinachomsumbua.

Homa kali ikija pamoja na mwili kukakamaa kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa, dozi inayofuata isitolewe, na afikishwe hospitali saa hiyohiyo hata kama mnadhani ni malaria. Hali hiyo huua.

Dozi iliyosahaulika isifidiwe kwa kumeza mbili. Pombe iachwe.

Anayejisikia mzima naye huacha dawa kimyakimya. Sauti huenda zisirudi kesho. Hurudi baada ya wiki au miezi, wakati hakuna tena anayekumbuka vidonge viliachwa lini. Mgonjwa akimuuliza daktari ataacha lini, ana haki ya kujibiwa, na wakati ukifika, dozi hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akimwangalia.